Saidia fundi wa mwaka 1928

Ndugu zangu wasomaji, nimerudi. Wale mliokuwa mkiuliza kama nimeacha uandishi nikaenda kupiga picha za harusi, jibu ni bado. Nilikuwa Köln, Ujerumani, kwenye warsha ya upigaji picha ya siku kumi. Tulikuwa watu tisa kutoka nchi sita, na ni mimi peke yangu niliyevaa makoti mawili kwa pamoja, ingawa wenyeji waliapa kuwa Oktoba bado si baridi.

Warsha ilihusu picha ya aina moja tu: picha ya mtu katika mazingira yake. Siyo ya paspoti, siyo ya studio yenye pazia, wala siyo ile ya kuvizia tukio. Mtu anajua kuwa anapigwa picha, anatulia, anaitazama kamera, na pale alipo, iwe karakana, jiko, ofisi au kibarazani, panasaidia kumweleza. Magazetini tunazipiga kila siku bila hata kuzipa jina. Mama lishe mbele ya masufuria yake. Mkurugenzi nyuma ya meza yenye bendera ndogo. Mvuvi na mtumbwi wake.

Mambo ya lenzi na mwanga nitayaandika siku nyingine. Leo nataka kuandika historia ya picha hizi, kwa sababu ndani ya historia hiyo nilikutana na kosa langu mwenyewe.

Nianze na hilo kosa. Miaka miwili iliyopita mhariri alinituma Mbagala kuandika habari ya bei ya saruji. Nilihitaji picha. Nikamwona mzee mmoja aliyevaa fulana iliyochanika begani, amejitwika tofali, vumbi limempata mpaka kwenye kope. Jua la saa kumi lilikuwa limelala vizuri. Nikapiga picha tatu. Akaninyooshea mkono wa salamu, nami nikanyoosha wangu, nikapanda bodaboda. Kesho yake picha ikatoka ukurasa wa tano, kubwa, na chini yake maelezo niliyoandika mimi: "Saidia fundi akiwa amebeba tofali katika eneo la ujenzi Mbagala, Dar es Salaam."

Wiki iliyofuata mapokezi wakanipigia kuwa nina mgeni. Alikuwa yeye. Suti ya kijivu, viatu vimepigwa kiwi, gazeti limekunjwa mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akanieleza taratibu kama anayemweleza mtoto hesabu za kugawanya. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 31. Amestaafu. Nyumba ile ni yake, anaijenga kwa kiinua mgongo chake, na siku ile saidia fundi hakutokea, ndiyo maana akaamua kubeba mwenyewe. Wanafunzi wake wa zamani waliiona picha. Wawili walimpigia mkewe usiku kuuliza kama kweli mwalimu amefikia hapo. Mmoja alituma pesa kwenye simu. Hiyo pesa ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Mwanangu," akaniambia, "ungeniuliza tu."

Gazeti lilitoa masahihisho: mistari miwili, ukurasa mwingine, bila picha. Aliyeiona picha hakuyaona masahihisho, na aliyesoma masahihisho hakujua yanahusu picha gani. Mimi nikaendelea na kazi. Nilikuwa nimeshaanza kusahau.

Sasa twende Köln. Katika mji ule huwezi kujifunza picha za namna hii bila kukutana na August Sander. Kumbukumbu zake ziko pale tangu mwaka 1992, kwenye taasisi ya SK Stiftung Kultur, eneo la Mediapark, na mwalimu wetu, mama mmoja wa Kijerumani asiyependa maneno mengi, alituonyesha kazi za Sander siku ya pili kabla hatujaruhusiwa kupiga picha hata moja. Tukawa tunapita picha baada ya picha, na katikati yake nikaiona.

Kijana amevaa kofia. Mabegani amebeba ubao, juu ya ubao matofali yamepangwa nyuma ya shingo yake, mikono miwili imeushika ubao kulia na kushoto. Nyuma yake ni giza tupu. Anakutazama machoni kana kwamba wewe ndiye uliyemchelewesha kazini. Chini yake limeandikwa neno moja, Handlanger, na mwaka 1928. Nikamuuliza mwenzangu maana yake. Akafikiri, akasema ni yule anayemsaidia mwashi, anayembebea vitu. Nikamwambia kwetu tunamwita saidia fundi. Nikajisikia kama nimemwagiwa maji.

Sander alizaliwa mwaka 1876 katika mji mdogo wa Herdorf, eneo la migodi ya chuma, na ujana wake alianza kwa kufanya kazi mgodini. Huko ndiko alikoonana kwa mara ya kwanza na mpiga picha, aliyekuja kupiga mgodi, akapelekwa amsaidie. Kwa hiyo mpiga picha huyu mkubwa alianza naye akiwa saidia fundi wa namna fulani. Alipata kamera kwa msaada wa mjomba, akafanya kazi studio mbalimbali, akawa na studio yake Linz kule Austria, kisha mwaka 1910 akahamia Köln. Mji ulikuwa na wapiga picha wengi na wateja hawakumtosha. Basi siku za mapumziko akawa anakwenda vijijini, eneo la Westerwald, kwa treni na kwa baiskeli, amebeba kamera nzito ya vibao vya kioo, akitafuta wakulima wa kuwapiga picha za kutundika ukutani.

Hapa ndipo penye jambo la kwanza nililojifunza. Wale wakulima walikuwa wateja. Walilipa. Ndiyo maana wamevaa nguo za kwenda kanisani na kukaa vile walivyotaka kukumbukwa. Kamera yake ilikuwa polepole, mtu alitakiwa kutulia kabisa kwa muda, na mtu anayetulia hivyo hawezi kuendelea kutabasamu tabasamu la uongo. Uso unarudi mahali pake. Mwalimu wetu alitulazimisha tujaribu: kamera kwenye miguu mitatu, na mtu akae bila kutikisika huku tunahesabu mpaka nne kwa sauti. Mwanzoni tulicheka. Kufikia mara ya tatu hakuna aliyecheka, na picha zilikuwa tofauti kabisa na zile tunazopiga kumi kwa sekunde.

Miaka ya 1920 Sander akapata wazo kubwa: kukusanya picha za jamii yote ya Wajerumani, tabaka kwa tabaka, kazi kwa kazi. Akaiita kazi hiyo Watu wa Karne ya 20. Aliipanga katika makundi saba: mkulima, fundi wa ufundi wa mikono, mwanamke, tabaka na taaluma, wasanii, jiji, na la mwisho akaliita watu wa mwisho, yaani vipofu, wagonjwa, wazee na wafu. Mwaka 1929 akatoa kitabu cha mwanzo chenye picha 60, Antlitz der Zeit, maana yake uso wa zama hizi, na mwandishi Alfred Döblin akakiandikia utangulizi.

Picha zenyewe sina ugomvi nazo. Mpishi wa keki wa mwaka 1928, mnene, kakamata bakuli lake jikoni, sijaona mtu anayejiamini namna ile hata bungeni. Ugomvi wangu ni na makabati. Wanawake wengi wamo kama kundi moja, "mwanamke", mara nyingi mke wa fulani, kana kwamba uanamke nao ni kazi iliyo sawa na useremala. Na mtu akishaingia kwenye kabati anapoteza jina. Anakuwa mpishi. Anakuwa mkulima. Anakuwa saidia fundi.

Tena kabati linaweza kukosea. Picha ya Sander inayojulikana kuliko zote ni ya mwaka 1914: vijana watatu wamesimama njiani mashambani, suti nyeusi, kofia, fimbo za kutembelea, wanakwenda dansani, wamegeuza nyuso kumtazama mpiga picha. Inaitwa Wakulima Vijana. Kwa miaka mingi wasomi waliandika kurasa kwa kurasa juu ya suti za wakulima, jinsi zisivyowakaa kwa sababu miili yao imezoea jembe. Karibu miaka 100 baadaye watafiti wakafuatilia vijana wale walikuwa akina nani hasa. Hawakuwa wakulima. Riziki yao ilitoka kwenye mgodi wa chuma: wawili wachimbaji, mmoja karani wa ofisi ya mgodi. Mmoja wao aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Hebu fikiria, ndugu msomaji. Sander mwenyewe alikulia mgodini, eneo lile lile, na bado maelezo ya picha yakasema wakulima. Mahali na nguo havikudanganya. Kilichodanganya ni neno lililowekwa chini.

Niliposoma hilo usiku hotelini, nilicheka kwanza. Kisha sikucheka.

Na sisi Waafrika wa Mashariki tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa jicho kali. Miaka ile ile Sander alipokuwa akipanda baiskeli Westerwald, nchi yetu ilikuwa koloni la Wajerumani, na Dar es Salaam kulikuwa na mpiga picha Mjerumani, Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio pale mjini na kuzunguka nchi nzima. Picha zake ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, na nyingi ziliwekwa wazi mtandaoni mwaka 2008. Zitafuteni. Ni nzuri, zimepigwa na mtu anayejua mwanga: askari wamepanga mstari, wapagazi, mafundi, wanawake sokoni. Ila soma maelezo ya chini. Mzungu mara nyingi ana jina na cheo. Mwafrika ni askari, ni mpagazi, au ni jina la kabila lake. Ni picha ya mtu katika mazingira yake kwelikweli, lakini mtu mwenyewe ametolewa, mazingira yamebaki. Kuna babu za watu mle ndani, na wajukuu wao huenda wanapita Samora kila siku bila kujua.

Labda ndiyo sababu bibi zetu walipenda studio. Unguja, Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930, na studio za namna ile zikaenea pwani nzima hadi bara. Unaingia, unachagua pazia, unaazimwa saa au koti, unakaa unavyotaka. Nyumbani kwetu ipo picha ya bibi amekaa kando ya redio ambayo haikuwa yake. Nikiwa chuoni niliona picha kama hizo ni uongo. Siku hizi naona bibi alikuwa anaandika maelezo ya picha yake mwenyewe.

Kazi yetu ya vitendo ilianza siku ya nne. Kila mmoja alitakiwa kumtafuta mtu mmoja mjini na kurudi kwake siku tatu mfululizo. Nilimpata mzee wa Kituruki, fundi cherehani mwenye kiduka cha kurekebisha nguo mtaa wa Ehrenfeld. Mwenzangu wa warsha ambaye wazazi wake walitoka Uturuki alinitafsiria. Siku ya kwanza hatukutoa kamera kabisa, tulikunywa chai. Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba na Uturuki wa kuleta vibarua mwaka 1961, wakaitwa "wafanyakazi wageni", na mzee huyu alikuja kwa mkondo huo mwaka 1970 akiwa na miaka 19, akaingia kiwanda cha magari cha Ford kule Niehl. Cherehani alianza baada ya kustaafu, kwa sababu ndiyo kazi aliyofundishwa na baba yake kabla ya kuondoka kwao. Yaani kwa zaidi ya miaka 30 mtu huyu alikuwa fundi cherehani anayefunga milango ya magari.

Siku ya pili nikamweka kwenye mashine. Dirisha lilikuwa upande wa kushoto, nyuzi za rangi zote nyuma yake, miwani imeshuka puani. Mimi mwenyewe nilijua nimepata. Siku ya tatu nikamwonyesha. Akaitazama kwa muda, akasema kitu, mwenzangu akatafsiri kwa aibu kidogo: anasema ni picha nzuri ya mashine. Kisha akaenda nyuma, akatoka na koti la bluu nzito alilojishonea mwenyewe, akalivaa, akasimama mlangoni pa duka mikono imeshuka, akatazama kamera. Nikapiga. Mkao ulikuwa wa kawaida sana, mwanga mbaya, gari jeupe limeingia kwenye kona ya fremu.

Jioni tukabishana darasani. Mwalimu alisema ya mashine ndiyo yenye nguvu, na kwa macho ya mpiga picha alikuwa sahihi, sitakataa. Mbrazili mmoja akasema ya mlangoni ndiyo ya mtu. Mwalimu akauliza: kama mtu anavaa koti na kusimama mlangoni, mtazamaji atajuaje kwamba ni fundi? Mbrazili akajibu: utaandika. Tukakaa kimya wote. Mimi nilikuwa nafikiria Mbagala.

Siku ya saba mwalimu akatufundisha juu ya Arnold Newman, Mmarekani aliyeishi kuanzia 1918 hadi 2006. Wengi humhesabu kuwa baba wa picha hizi, ingawa mwenyewe hakulipenda sana jina hilo la "mazingira". Alianza mwaka 1938 kwenye studio ya Philadelphia iliyokuwa ikiuza picha kwa senti 49, mteja baada ya mteja, na nadhani kila aliyewahi kupiga picha za paspoti pale Kariakoo atamwelewa. Picha yake maarufu ni ya mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, ya mwaka 1946: mfuniko mkubwa mweusi wa piano umejaa fremu yote, na Stravinsky mdogo kwenye kona, kashika kichwa. Jarida la Harper's Bazaar lililoiagiza likaikataa. Na ile piano haikuwa ya nyumbani kwake. Kwa hiyo hata mazingira yanaweza kuazimwa, kama redio ya bibi.

Lakini picha ya Newman iliyoninyima usingizi ni ya mwaka 1963, iliyopigwa Essen, si mbali na Köln. Ni ya Alfried Krupp, mwenye viwanda vya chuma, aliyehukumiwa Nuremberg mwaka 1948 kifungo cha miaka 12 kwa kutumikisha mateka na wafungwa kama watumwa, akaachiwa mwaka 1951. Newman alikuwa Myahudi. Alimkalisha Krupp kiwandani kwake, juu ya jukwaa, treni na mashine nyuma yake, akaweka taa mbili chini kila upande, akamwambia ainamie mbele kidogo. Uso ukatoka kama wa shetani, kivuli juu, kijani chini. Hapo mahali pa kazi pamegeuzwa kuwa hati ya mashtaka. Naona alistahili. Ila nikajiuliza: kama mahali pa mtu panaweza kutumika kumshtaki aliye na hatia, panaweza kumshtaki na asiye nayo, tena bila mpiga picha kukusudia. Mimi nilitumia tofali moja tu.

Nirudi kwa Sander, maana nilimwacha mwaka 1929 na mabaya yote yalikuwa mbele yake. Wanazi walishika nchi mwaka 1933. Mwanawe mkubwa, Erich, mwanachama wa chama cha kisoshalisti, alikamatwa mwaka 1934 akahukumiwa miaka kumi. Mwaka 1936 vibao vya kuchapia kitabu cha Antlitz der Zeit viliharibiwa na nakala zilizobaki zikachukuliwa. Kitabu kile kilikuwa na Wajerumani wa kila sura, na serikali ilitaka sura moja.

Mwaka 1938 ikatoka amri kwamba Wayahudi wawe na vitambulisho maalumu vyenye picha. Wayahudi kadhaa wa Köln walikwenda kupigwa na Sander. Hizi hazikuwa picha za mazingira hata kidogo: kiti, ukuta, mwanga wa dirishani, uso. Picha za kitambulisho. Wanazi wenye sare nao walikuja kwenye studio ile ile, na Sander akawapiga. Baada ya vita akaziingiza zote kwenye kazi yake kubwa. Wenye sare wakapata mkoba wao. Wale wa vitambulisho akawaandikia neno moja: Walioteswa. Akaongeza na picha ambazo Erich mwenyewe alipiga gerezani Siegburg, kwa sababu huko Erich alifanywa mpiga picha wa gereza na akawapiga wafungwa wenzake wa kisiasa.

Nilizitazama picha za Walioteswa kwa muda mrefu. Mama mmoja wa makamo kakaa upande, mikono mapajani, kavaa vizuri. Hakuna kitu chochote cha kumweleza. Mazingira yake yalikuwa yanachukuliwa wakati ule ule: duka, nyumba, mtaa. Hapo nikaelewa kwa nini ukuta mtupu nao unaweza kuwa picha ya mahali pa mtu.

Nao walikaa miaka mingi bila majina, wakiwa wameteswa tu. Watafiti wakaanza kutafuta, jina moja baada ya jingine, kwa kulinganisha picha na nyaraka, na mwaka 2018 makumbusho ya Shoah mjini Paris yakaonyesha picha hizi pamoja na habari za maisha ya watu waliomo. Ukitoka kwenye picha hizo ukatembea mitaa ya Köln, unaanza kuona vibao vidogo vya shaba vilivyozamishwa kwenye mawe ya njia, mbele ya milango. Kila kimoja kina upana wa sentimita kumi. Ni kazi ya msanii Gunter Demnig, aliyeianza mjini humo miaka ya 1990, na leo vimeenea nchi nyingi za Ulaya. Vingi huanza kwa maneno "Hapa aliishi", kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, na alikopelekwa. Ni maelezo ya picha bila picha. Unalazimika kuinama ili uyasome, na watu wanakupita na mifuko yao ya manunuzi.

Erich alifia gerezani Machi 1944, kifungo kikiwa karibu kwisha, kwa ugonjwa wa kidole tumbo ambao haukutibiwa. Mwaka huo huo bomu likaharibu studio. Sander alikuwa ameshahamishia maelfu ya negativu kijiji cha Kuchhausen, kule Westerwald alikoanzia. Zilizobaki kwenye chumba cha chini mjini, kati ya 25,000 na 30,000, ziliteketea kwa moto mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Akaendelea kupanga na kupangua zilizobaki mpaka alipokufa mwaka 1964.

Nilisema sikulipenda lile kundi la watu wa mwisho. Bado silipendi. Lakini picha inayolifunga ni ya mwaka 1944: sura ya plasta iliyochukuliwa usoni mwa maiti ya Erich. Mzee alimweka mwanawe humo humo, kwenye kabati lake mwenyewe, na safari hii aliandika jina.

Siku ya mwisho ya warsha nilichapisha picha mbili za yule fundi cherehani, nikampelekea zote achague. Akachukua ya mlangoni, yenye gari jeupe. Ya mashine akasema nibaki nayo.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi Dar nilipanda daladala hadi Mbagala. Niliikuta nyumba imeezekwa, bado haijapigwa lipu. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Umekuja na ile kamera?" Nikamweleza habari za kijana wa mwaka 1928. Alisikiliza bila kunikatiza, akauliza kama yule kijana alikuja kujulikana jina. Kisha akasema atapigwa, lakini kwa masharti: maelezo ya chini ayasome kabla sijaondoka.

Mimi nilishapanga akilini: ndani, karibu na kabati la vitabu. Yeye akaenda kuvaa suti ya kijivu, akasimama nje mbele ya ukuta wa matofali, akamwita kijana aliyekuwa akikoroga udongo upande wa pili. Huyu ndiye saidia fundi, akasema, siku ile alikuwa anaumwa. Akamweka kando yake. Kijana alitaka kwenda kunawa, mwalimu akamwambia kama anataka anawe, kama hataki asinawe, ni uso wake. Akaenda akanawa uso, mikono akaiacha na saruji. Nikafunga kamera kwenye miguu mitatu, nikahesabu mpaka nne kwa sauti.

Majina yao siyaandiki hapa, yako nyuma ya picha waliyobaki nayo, kila mmoja nakala yake. Niliyaandika kwenye daftari palepale, nikampa mwalimu asome. Akaomba kalamu. Kwenye jina lake hakugusa kitu. Kwenye la kijana nilikuwa nimeruka herufi moja. Akamgeukia akamwambia alitamke tena, polepole, akaiongeza, akanirudishia daftari.